Vigae Kumi na Kimoja vya Marehemu Pima Maji

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Pima Maji kwa kile kifaa cha kupimia usawa alichotembea nacho hata siku za mapumziko, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, wa tatu kati ya watoto watano, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971. Kwenye mtihani wa mwisho alirudisha majibu manne kati ya kumi. Sita aliyafuta mwenyewe kwa kuwa hayakumridhisha.

Alijifunza kuweka vigae kwa mjomba wake, na kazi hiyo aliifanya miaka arobaini na miwili. Wateja walimsifu. Wasaidizi tisa walimkimbia, mmoja akimwambia, "Mzee, hata kivuli chako kikipinda utakibomoa."

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1984, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyerithi ufundi. Sebule yao ilibaki saruji tupu miaka kumi na tisa, maana kila alichobandika alikibandua. Mwaka 2012, marehemu akiwa safarini, kijana alimwekea mama yake vigae jikoni. Marehemu aliporudi alivigonga kimoja kimoja kwa kidole akisikiliza mlio, akachukua nyundo, akavunja kumi na kimoja.

"Vina uwazi chini," alisema.

"Uwazi uko kifuani mwako," mkewe alimjibu, sufuria mkononi.

Kijana alihama siku hiyo hiyo.

Mwaka 2017 marehemu alianza kutetemeka mikono na kukosa usingizi. Daktari alimpeleka kwa mshauri wa afya ya akili, mama asiyetishika, aliyemwagiza kila juma aache kosa moja bila kulisahihisha.

"Unanifundisha uzembe, dada."

"Nakufundisha kulala, mzee."

Aligombana naye mwaka mzima, lakini hakukosa kwenda.

Mwaka 2019 alibisha hodi kwa mwanawe. "Ukigonga sakafu yangu, unatoka," kijana alimpokea. Marehemu alikalia mikono yake hadi chai ilipoletwa. Wakati wa kuaga, kijana akamwuliza, "Kona ile iliyopinda huioni?"

"Naiona. Iache."

"Leo ndiyo unajua kuacha?"

"Nimechelewa, mwanangu. Nisamehe."

Marehemu aliendelea kwenda kila Jumapili. Chai alipewa, jibu hakupewa. Alifariki kwa kiharusi tarehe 2 Mei 2023.

Mjane ameomba isiandikwe kwamba alikuwa fundi asiyekosea. Iandikwe kwamba alianza kujitibu akiwa na miaka sitini, akapona kiasi.

Ameacha mjane na mtoto mmoja. Kijana ameusoma wasifu huu kabla haujachapwa, akasema bado hajasamehe, na neno hilo lisiondolewe. Kuta za kaburi amezijenga yeye mwenyewe. Hakuruhusu fundi mwingine aguse.

Mungu ampokee na kumpa raha.