Aliyesomea Wasikilizaji: Pelagia Kulwa Bundala, 1986–2025

Ndugu waombolezaji, dada yetu Pelagia Kulwa alizaliwa Nzega tarehe 14 Mei 1986, robo saa kabla ya pacha wake, Doto, anayewasomea maneno haya. Wazazi wake ni Mzee Bundala, mfugaji, na marehemu Mama Magreth.

Alisoma shule ya msingi Nzega, 1994 hadi 2000, kisha sekondari hapa Tabora hadi kidato cha sita mwaka 2007. Shahada ya kwanza aliipata Dar es Salaam mwaka 2010, akatangaza redioni miaka minne, akarudi chuoni kuchukua ya pili: anthropolojia ya vyombo vya habari. Somo hilo liliusumbua ukoo mzima.

“Kulwa, unasomea redio?” Mzee alimuuliza. “Mbona redio tunayo nyumbani?”

“Sisomei redio, baba. Nasomea watu wanaoisikiliza: nani anaiwasha, nani anaelewa, nani anaamini.”

“Basi anza na mama yako. Mimi hanisikilizi, redio anaisikiliza.”

Wenzake aliosoma nao waliajiriwa kwenye makumbusho, magazeti na kampuni za matangazo. Yeye alirudi Tabora mwaka 2016, kwa sababu tarehe 18 Agosti 2012 alikuwa amefunga ndoa na Mwalimu Emilian Shukrani wa Cheyo, hapa hapa Tabora. Mungu aliwajalia Julieth na Ngollo.

Mwaka 2017 shirika moja lilimpa mkataba apime kama wakulima wa tumbaku wa Goweko wanaelewa matangazo ya hatari ya sumu za shambani. Pelagia hakupeleka dodoso. Alipanga chumba kule, akachambua mboga na wanawake, akawawekea tangazo lenyewe.

“Wamesemaje, mama?” alimuuliza bibi mmoja, Ng'washi.

“Wamesema vizuri. Huyo bwana ana sauti nzuri sana.”

“Lakini wamesema nini?”

“Sijui, mwanangu. Nilidhani anaongea na watu wa serikali.”

Tangazo lilisema “vifungashio vya viuatilifu visitumike tena”. Lilitoka saa tatu asubuhi, wanawake wakiwa shambani na redio ikiwa mfukoni mwa mume. Chupa za sumu zilikuwa zikioshwa na kutiwa maji ya kunywa. Pelagia aliyaandika yote. Mkuu wake akayafuta, akaandika kwamba asilimia tisini ya wakulima wameelewa.

“Wafadhili hawataki hadithi za kijiweni,” alimwambia.

“Basi weka jina lako,” Pelagia akajibu. “Langu liondoe.”

Septemba 2019 mjukuu wa Ng'washi, mwenye miaka minne, alikunywa maji ya chupa mojawapo ya hizo, akafa. Pelagia alikaa matangani siku tatu. Siku ya tatu Ng'washi alimshika mkono, bila hasira, akamuuliza: “Wewe ulituuliza, sisi tukakwambia. Ulikwenda kumwambia nani?”

Alirudi nyumbani akamsimulia Doto swali hilo, na kwa miaka mitano hakuacha kulisimulia. Mkataba wake haukuhuishwa. Aliazima kinasa sauti, akarudi Goweko, akawarekodi wanawake wenyewe wakionya wenzao kwa Kinyamwezi. Redio ya mjini ilizirusha sauti hizo jioni, misimu minne, naye hakulipwa. Vijana waliomuuliza shahada ile inaleta kazi gani aliwajibu kwamba kazi zipo nyingi, ila waulize kwanza ripoti inasomwa na nani.

Bima ya matibabu ilikuwa imekwisha pamoja na mkataba. Uvimbe wa titi aliugundua mwaka 2022, akaunyamazia miezi saba. Alitibiwa Mwanza, Mwalimu Emilian akimuuguza pasipo kuchoka, hadi alipofariki nyumbani Cheyo tarehe 5 Februari 2025, saa tano asubuhi. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Lile shirika limeleta salamu za rambirambi zinazomwita “mtaalamu wetu mahiri”. Familia imezipokea. Hazitasomwa.

Ameacha baba, mume, watoto wawili na pacha. Bibi Ng'washi amekuja na wanawake kumi na wanne kutoka Goweko. Ratiba haikuwaandika miongoni mwa ndugu. Tunaomba mlioketi benchi la mbele muwapishe.

Bwana ampumzishe dada yetu kwa amani. Sisi amani bado hatujaipata.