Mheshimiwa Bwambale Anarudi Mezani

Baada ya miaka kumi katika baraza la wilaya, na mingine ishirini kabla ya hapo akiuza vitenge mpakani, Mheshimiwa Nobert Bwambale wa Bwera anastaafu leo, tarehe 12 Mei 2016. Hakushindwa uchaguzi, wala haumwi. Ameamua mwenyewe, na sisi tuliowahi kula nyumbani kwake tunaijua sababu.

Amezaliwa katika ukoo wa siasa. Baba yake, mzee Semu, alikuwa chifu wa gombolola, yaani mkuu wa kata, kisha diwani. Kaka yake Tsongo akafuata nyayo hizo. Kila jioni mama yao alipakua chakula cha baba na kukifunika kwa sahani nyingine, na mara nyingi asubuhi kilikutwa vilevile. Nobert alikua akiitazama sahani hiyo. Ndiyo maana hakutaka vyeo. Alifungua duka la vitenge karibu na forodha, na jioni alilifunga mapema, wateja wakimcheka, akaenda kula ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo huohuo, pamoja na mkewe, Ketura.

Mwaka 2005 Tsongo aliugua akatutoka, kampeni zikiwa zimeanza. Ukoo mzima ukamjia Nobert. Aliomba kwanza azungumze na mkewe, na jibu la Mama Ketura lilisikika hadi uani: "Uende tu. Lakini miye sikuolewa juu ya kufunika sahani." Akamwahidi kwamba atarudi kula nyumbani kila jioni.

Tuseme ukweli, maana hapa tuko kati ya marafiki: ahadi hiyo ilimshinda. Kasese, baraza linakokutana, si jirani na Bwera, na vikao vyetu vina maneno mengi.

Kazi, hata hivyo, aliifanya, na ufanyabiashara haukumtoka. Katika mkutano wake wa kwanza wazazi walidai madarasa manne. Yeye akaanza kupatana nao kama yuko dukani, akawashusha hadi mawili. Tulimcheka sana. Mawili hayo yalijengwa, na sisi tulioahidi manne bado tunajieleza. Mto Nyamwamba ulipofurika kule Kasese mwaka 2013, alitoa vitenge vyote vya dukani, akina mama waliopoteza kila kitu wakapata cha kujifunga. Siku zile hakuonekana Bwera kabisa.

Mwaka jana wazee wa ukoo na sisi madiwani tulikwenda kumsihi agombee kipindi cha tatu. Alikuwa karibu kukubali. Mimi nilimwona usoni. Ndipo Olivia, kitinda mimba wake, aliyezaliwa mwaka uleule baba alioingia barazani, akaja kuandaa meza. Akatupakulia wageni, akampakulia baba yake, kisha sahani ya baba akaifunika. Baba mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake.

Tulicheka, naye akacheka pamoja nasi. "Olivia, baba iko hapa," akamwambia.

"Najua," mtoto akajibu. "Lakini wageni bakitoka, na weye utatoka."

Hapo kicheko kikaisha. Mheshimiwa aliifunua sahani kwa mkono wake, akala polepole mpaka akamaliza. Nasi tuliaga bila kuitaja tena habari ya uchaguzi. Njiani nililia, na sioni haya kulisema.

Mheshimiwa, pengo lako tutaliona. Asante kwa madarasa, kwa vitenge, na kwa kutuchekesha vikao vilipokuwa vigumu. Mama Ketura, asante kwa kutuazima mume wako kwa muda mrefu kuliko tulivyoomba. Madiwani tumechanga, tukamnunulia zawadi ya sahani moja nzuri. Muuzaji alituletea na kifuniko chake, tulimrudishia.

Basi nenda nyumbani, ndugu yetu. Kaa na wako kwa amani, na ule chakula kingali moto.

Feresita Mbambu,
kwa niaba ya madiwani wenzake