Baba ya Bibi Arusi Hapandi Kinga

Bajirani na ndugu benye mumekuja kulia pamoja na sisi, huyu mwenye analala mbele yenu ni Kahongya Esdras, alizaliwa Masereka tarehe 14 mwezi wa tatu 1968, mutoto wa pili wa mulimaji wa viazi, akasoma shule ya musingi kule kule, akamaliza sekondari Butembo mwaka 1988, na mwaka 1990 akaanza kuuza pièces, vipuri vya pikipiki, mpaka batu ba Beni na Manguredjipa bakamujua.

Tarehe 6 mwezi wa nane 1994 alifunga ndoa na Mama Berthe, Mungu akabapa batoto batatu, Jephté, Jemima na Joyeuse.

Mwaka 2021 tension ya damu na sukari vikamushika, sababu alikuwa anashinda kwenye kiti cha magazini, duka lake, akitoka ni jeep, hata kwa kuvuka barabara tu. Munganga akamuambia mwili unataka kutoka jasho, naye akanunua kinga, ni kusema baiskeli, akakusanya bafanyabiashara benzake na bamama ba soko, na tarehe 12 mwezi wa nane 2022 kikundi kikakanyaga kinga kutoka Butembo mpaka Beni, kikisimama njiani kuelezea batu bapunguze chumvi na baache kukaa tu. Alishuka Beni anacheka kama mutoto. Sukari ikateremuka, suruali zikamupwaya.

Lakini Butembo tunajuana: tajiri akionekana juu ya kinga, batu hapana kuuliza afya yake, banasema amefilisika. Mwaka 2023 bakwe ba Joyeuse bakatangaza kama banaleta mbuzi za mahari, famille, jamaa ya Esdras, ikaita kikao, na Ézéchias, baba mudogo ya Esdras, akakata neno: "Baba ya bibi arusi hapandi kinga." Esdras akaomba, ndiyo, mutu muzima akaomba mbele ya batu alisomesha yeye mwenyewe, akasema anataka kuona bajukuu. Bakafungia kinga ndani ya depot, naye, kwa kuheshimu bakubwa, hapana kuvunja kufuli. Siku kikundi kilitoka tena kwenda Beni, kilimupita kwenye baraza, akakipungia mukono mpaka kikapotea, kisha akaomba kiti.

Arusi ilipita vizuri, mbuzi zilikuwa nono. Tarehe 3 mwezi wa tisa 2024 mushipa ukapasuka kichwani, na tarehe 9 akafariki katika lopitali hapa Butembo, na miaka 56, Joyeuse akiwa na mimba ya miezi saba.

Tunashukuru banganga na bauguzi, bajirani benye balichota maji na kuwasha moto wa matanga, bafanyabiashara benzake, na kikundi cha kinga chenye kimefika asubui hii kutoka Beni, jasho ingali mwilini. Tunashukuru pia bakubwa ba famille, kazi yenu inaonekana, jeep zimejaa barabara mpaka kule chini, na hakuna mutu hapa mwenye anasema Esdras alifilisika.

Esdras, wewe pumzika kwa amani. Sisi, hapana.