Morfudd na Maji ya Jumatatu

Wasikilizaji wapendwa, kama leo mnatafuta habari za kuchangamsha, geuzeni kituo. Sitawanunia. Mimi ni Luned Beynon, na leo namkumbuka Idwal Prothero.

Idwal Prothero wa bonde letu la Cwm Hesgin amefariki. Tulimzika Alhamisi, mvua ikitupiga ubavuni kama kawaida yake, na viatu vyangu hadi sasa viko karibu na jiko, havijakauka.

Idwal alikuwa fundi. Alikuwa mwana wa Ithel Prothero, dereva wa mwisho wa Morfudd. Na Morfudd, kwa nyinyi mliohamia juzi, ni kile kichwa cha treni cha kijani mnachokiona stesheni, kando ya mkahawa wa chai. Ni treni ya mvuke, ya reli nyembamba. Enzi zake ilishusha mawe ya kuezekea kutoka machimboni hadi bandarini. Nasema "ilishusha", lakini hapa bondeni hakuna anayesema hivyo. Hapa tunasema alishusha. Morfudd ni mtu.

Idwal alitaka jambo moja tu. Alitaka kumwona Morfudd akiwaka moto tena na kutembea kwa mvuke wake mwenyewe. Hakumwona. Nawaambia mapema, asije mtu akanilaumu kwamba nilimpa matumaini.

Nianze na mzee Ithel, maana bila yeye hamtaelewa chochote.

Treni ya mvuke haiwashwi kama gari. Inachukua asubuhi nzima maji yapate moto. Kwa hiyo kila Jumamosi, safari ya mwisho ikiisha, dereva aliondoa moto tanurini lakini maji aliyaacha ndani ya boila, lile tangi la kuchemshia mvuke. Jumatatu alfajiri mtia makaa anayakuta maji tayari, anawasha tu. Kuna kioo chembamba mbele ya dereva kinachoonyesha maji yamefika wapi. Wengine waliacha nusu ya kioo. Ithel aliacha robo tatu. Kila Jumamosi, robo tatu. Wenzake wakimcheka alikuwa akisema, "Bibi huyu halali na kiu."

Basi, Jumamosi moja meneja wa machimbo alipita pale bandani. Akawaambia, tunafanya marekebisho kidogo, Jumatatu njooni kama kawaida. Ithel akafanya kama kawaida. Akaondoa moto. Akaacha maji robo tatu ya kioo. Akafunga mlango, akaenda kula.

Jumatatu wakakuta mnyororo getini. Mnyororo, wasikilizaji wapendwa. Hakuna aliyekuja hata kuwaambia samahani. Wanaume wazima wakasimama kwenye mvua hadi mchana, kisha mmoja mmoja wakarudi nyumbani.

Idwal wakati huo alikuwa shule ya msingi. Aliwahi kukaa hapa, kwenye kiti hiki cha mbele yangu, akanisimulia. Alisema, "Baba aliendelea kuamka kila Jumatatu. Anavaa viatu vya kazi, anakaa jikoni na kofia kichwani. Mama anamwuliza, Ithel, unamsubiri nani? Anasema, watatuita tu."

Watatuita tu. Hawakuitwa. Machimbo hayakufunguliwa tena, na Morfudd akabaki amefungiwa bandani.

Miaka ikapita. Idwal akawa kijana, akawa fundi wa mabasi. Ndipo watu wa hapa walipoungana kuifufua ile reli, kwa kujitolea, kila mtu na Jumamosi yake. Wakavunja kufuli ya banda. Paa lilikuwa limetoboka. Morfudd alikuwa pale pale, kutu mwili mzima, ndege wamejenga juu ya boila.

Idwal akaingia chini yake akafungua kizibo cha boila. Maji yakatoka. Maji ya kahawia, mazito kama mchuzi wa Jumapili.

Rafiki yake Tecwyn akasema, "Mvua hiyo. Imeingilia kwenye dohani, pale juu pa kutokea moshi." Wote wakakubali. Nani angebisha? Ukikuta maji mahali popote katika bonde letu, unasema ni mvua, unaendelea na shughuli zako. Mimi pia ningesema hivyo.

Idwal akakimbia hadi nyumbani. Mzee Ithel alikuwa bado hai, amekaa jikoni.

"Baba! Tumemtoa Morfudd! Boila yake vipi?"

"Nzima," mzee akajibu. "Nilimwacha tayari kwa Jumatatu."

Naomba mlishike neno hilo. Nilimwacha tayari kwa Jumatatu. Idwal alilisikia akalia kwa furaha. Alilitangaza baa, kanisani, dukani kwa muuza nyama. Baba kasema boila ni nzima.

Mzee Ithel alifariki kabla magurudumu hayajang'olewa kutu. Alikufa akiamini, na mwanawe akaendelea kuamini kwa niaba yake.

Zaidi ya miaka thelathini, wasikilizaji wapendwa. Kila Jumamosi Idwal alikuwa karakana. Magurudumu akayatengeneza. Fremu akainyoosha. Shaba yote akaing'arisha hadi unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Kitu kimoja hakukigusa. Boila. Kukagua boila ni lazima ung'oe mabomba yote ya ndani, umwite mkaguzi, na yeye akisema haifai, mambo yamekwisha. Idwal kila mwaka aliona hakuna haraka.

Tecwyn hakumwacha apumue. "Idwal, mwite mkaguzi."

"Baba kasema nzima."

"Baba yako alikuwa dereva, hakuwa daktari."

"Wee Tecwyn, shika msasa wako, kazi ya mdomo tuachie wachungaji."

Na Nesta, mkewe, naye hakuwa nyuma. Nesta alikuwa akimwita Morfudd mke mwenza. Mbele za watu, hana haya. "Nikifa nipakeni rangi ya kijani," alisema siku moja kwenye sherehe ya Krismasi ya reli. "Labda Jumamosi mume wangu atabaki nyumbani." Tulicheka hadi machozi. Halafu Jumamosi inayofuata ungemwona huyo huyo Nesta anashuka kilima na chupa ya supu ya kondoo na mboga ya liki, anampelekea.

Sasa sikilizeni siku ya mkaguzi.

Morfudd alikuwa amekamilika. Rangi ya kijani, jina lake kwa herufi za shaba, makaa yamekwisha pakiwa. Nesta alikuwa amemshonea Idwal kofia mpya. Ilibaki boila tu, kwa hiyo mabomba yakang'olewa, na mkaguzi akaja, mama mmoja mpole mwenye nyundo ndogo na tochi. Akajipenyeza ndani. Pale karakana walikuwa Idwal na Tecwyn peke yao, na haya nayajua kwa Tecwyn.

Mkaguzi aligonga juu. Ngo, ngo, ngo. Chuma kizima kinaitika. Idwal akatabasamu. Mkaguzi akagonga chini kidogo. Pu. Akagonga tena. Pu, pu. Akamulika tochi kila kona mle ndani.

Alipotoka uso ulikuwa mwekundu kwa kutu. "Bwana Prothero, samahani sana. Chuma kimeliwa. Ukitia mvuke humu utaua watu."

"Ni mvua," Tecwyn akasema. "Iliingia kwenye dohani."

"Dohani na boila haviingiliani kwa ndani," yule mama akamjibu. "Maji yaliyokaa humu yalijazwa na mtu, halafu yakaachwa. Angalieni wenyewe."

Wakaangalia. Ndani ya boila kulikuwa na mstari wa kutu, umenyooka kama umepigwa rula. Juu yake chuma safi. Chini yake mashimo, mashimo, mashimo. Idwal akapeleka tochi kwenye ule mstari. Kisha akaipeleka kwenye kioo cha dereva, palipolingana nao.

Akasema, "Robo tatu."

Tecwyn aliniambia, "Luned, nilikuwa na utani mdomoni. Miaka thelathini nilisubiri kumwambia, si nilikuambia? Nilipomwona uso, nikaenda nje nikasimama kwenye mvua."

Mmeelewa, wasikilizaji wapendwa? Boila ukitaka kuiweka muda mrefu, unaimwaga maji yote, unaikausha. Kila dereva anajua. Ithel alijua kuliko wote. Lakini Ithel hakuwa akimweka Morfudd. Alikuwa akimwacha siku moja tu, hadi Jumatatu. Alimtendea vile alivyomtendea kila Jumamosi, na yale maji yakamla kutoka ndani miaka yote ile mzee amekaa jikoni na kofia kichwani.

Boila mpya? Tusidanganyane. Wakati Idwal ana nguvu na karakana imejaa watu, tungeweza kuhangaika. Sasa nusu ya wale watu wako makaburini na nusu nyingine wana magoti mabovu. Kamati ikakaa, ikaamua Morfudd awekwe stesheni, watalii wapige picha. Wakamzungushia na vyungu vya maua.

Idwal aliendelea kwenda kila Jumamosi na kitambaa chake. Niliwahi kumwuliza, "Idwal, sasa unamsugulia nani?"

"Basi tu, Luned. Sina pa kwenda Jumamosi."

Watoto wa wageni walikuwa wakipanda, wakivuta kamba ya honi, wakimwuliza, "Mbona halii?" Alikuwa akiwajibu, "Amechoka."

Jana nilimpigia Nesta simu. Nilimwomba ruhusa ya kusema haya, akanipa. Alisema, "Miaka yote ilikuwa baba kasema, baba kasema. Baada ya siku ile hakumtaja tena babake. Hakumlaumu, hakumtetea. Lile neno lilikatika tu."

Kisha akanisimulia hospitali. Mapafu ya Idwal yalikuwa yameshindwa. Nesta alikuwa amekaa kitandani kwake, asubuhi, chai imepoa. Idwal akafumbua macho, akamtazama, na Nesta akaona kwamba hamjui.

"Baba," akasema, "leo Jumamosi?"

Nesta akaniambia, "Nilijua ananiona mimi ni nani. Ningeweza kumwambia, mimi ni mkeo. Nikasema, ndiyo, Jumamosi."

"Umemwaga maji?"

"Nimemwaga, mwanangu. Nimemwaga yote. Boila kavu kabisa."

"Hawatatuita, baba."

"Hawatatuita, mwanangu. Navua kofia, tule."

Akafumba macho. Hakuyafumbua tena. Nesta akakaa naye, akanywa ile chai baridi, maana hakujua afanye nini kingine.

Nesta, dada yangu, pole. Pole sana. Tecwyn, na nyinyi wote wa karakana, poleni. Sina maneno ya kuwafuta machozi, na yale niliyosikia kanisani Alhamisi, Mungu anisamehe, hayakunifaa hata mimi.

Kwenu mnaonisikiliza, nawaombeni jambo. Kuna neno uliambiwa na mtu unayempenda, nawe hujawahi kuthubutu kulipima. Leo kaa nalo. Ligonge kwa nyundo ndogo. Huenda likaitika. Huenda lisiitike, na sitakudanganya kwamba utafurahi. Lakini bora ujue ukiwa bado na nguvu.

Idwal Prothero, mwana wa Ithel, fundi wa Morfudd. Alitaka awake moto. Hakuwaka.

Nikija hapa studio asubuhi hii nilipita stesheni. Kumefungwa hadi Pasaka, hakuna mtu, ila Tecwyn juu ya ngazi, na umri wake ule, analowa. Alikuwa anafunga kifuniko cha bati juu ya dohani ya Morfudd.

Nikampigia kelele, "Tecwyn, shuka utavunjika! Cha nini sasa hicho?"

Hakugeuka. Alikaza waya wake, akasema, "Mvua, Luned. Mvua."