Pikipiki Niliyoivunja Mlimani

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Asifiwe na sisi tulioamka salama, maana wako wengi wa rika langu waliostahili kuketi humu asubuhi hii na hawapo. Mnanifahamu kama fundi Yohana wa Bigwa, yule mwenye banda la vyuma nyuma ya nyumba. Mwalimu wa kanisa ameniomba mara nyingi nisimame nishuhudie, nami nikawa natoa udhuru. Leo nimesimama. Mke wangu Semeni yuko pale nyuma. Nilimwomba ruhusa kwanza, kwa sababu nusu ya habari hii ni yake.

Nilizaliwa huko juu milimani wakati Mdachi, yaani Mjerumani, alikwisha jenga boma lake mjini. Baba yangu alikuwa mhunzi wa majembe. Nilipokua nikapata kazi kwenye shamba la kahawa la Mdachi mmoja, na bwana huyo alikuwa na pikipiki. Ilipopita mara ya kwanza, kina mama walitupa kuni zao wakakimbilia porini. Mimi nilikimbia kuifuata. Iliharibika kila mara kwa vumbi na mawe ya njia zetu, na bwana akaniita nimshikie spana. Baadaye akawa ananiachia spana mwenyewe. Ilipomchosha kabisa aliagiza nyingine kutoka kwao, ile kuukuu akasema niiondoe machoni pake.

Niliisukuma mpaka Bigwa, nikaijengea banda la miti na nyasi. Nilifungua kila kitu kilichofunguka. Kutu niliisugua kwa mchanga wa mtoni. Mkanda uliozungusha gurudumu la nyuma ulikuwa umekatika, nikakata mwingine kwenye ngozi ya nyati. Mafuta ya injini yalikuwa ya nyonyo, yaani mbarika, na aliyeyakamua ni Semeni, ambaye nilikuwa nimemwoa mwaka uleule. Siku ilipowaka, moshi wa nyonyo ulifika kwa majirani wote, na shemeji yangu Kobelo, kaka yake Semeni, alicheka mpaka akakaa chini.

Kobelo huyu nawaomba mmtunze moyoni, maana tutarudi kwake. Alilima maharage kule juu, wala hakuwa na haja na vyuma, lakini alishuka mara kwa mara kunitazama nikifanya kazi na kunisaidia kusukuma. Mnajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Binti yetu wa kwanza alipozaliwa, Kobelo ndiye aliyempakata kabla yangu. Tulimwita Raheli.

Walowezi wakasikia habari zangu, wakawa wananiletea pikipiki zao zilizokufa. Banda likajaa. Nilikuwa natoa chuma kwa hii naweka kwa ile, nachonga kwa tupa kile kisichopatikana. Nilikuwa na furaha, ndugu zangu, wala sidanganyi. Kanisani nilikwenda, na ubatizo nilikuwa nao. Lakini nilimwamini Mungu kama nilivyoamini kwamba kuna mji uitwao Tabora. Sikukataa kwamba upo, ila sikuwa na safari ya kwenda huko.

Kisha vita vikaja, vya Mdachi na Mwingereza.

Askari walichukua kwanza kila pikipiki iliyotembea. Kwangu yakabaki mabaki. Petroli ikawa adimu. Mipira ya magurudumu ikaisha, tukawa tunashindilia nyasi kavu na katani. Wanaume walikamatwa njiani, mashambani, hata misibani, wakaenda kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakuonekana tena. Kobelo alikimbilia msituni juu kabisa akajificha huko.

Siku moja afisa mmoja wa Kidachi aliingia bandani kwangu. Alikuwa mrefu, wala hakupaza sauti. Alizunguka akitazama mabaki yangu, akasema kwa Kiswahili kizuri kwamba anataka moja iwake, ya kupelekea barua. Nilimweleza kwamba kile kifaa kinachotoa cheche kimekufa katika zote, na kipya hakipatikani tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mke wangu na mtoto watakaa bomani mpaka iwake.

Wakawachukua. Raheli alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Nilifungua vile vifaa vyote vya cheche, nikatoa nyaya zilizoungua, nikakusanya zile nzima. Mhindi mmoja mwenye duka mjini alinipa uzi wa hariri bila kuniuliza neno, nikauzungushia kwenye nyaya na kupaka nta ya nyuki juu yake. Niliomba. Kila nilipozungusha gurudumu nikitafuta cheche niliomba, nikamwahidi Mungu mambo ambayo hata sikuwa na uwezo nayo. Mwishowe ikawaka. Tarishi wa afisa akaipanda mpaka Mikese akarudi, nayo haikuzima.

Nikaenda bomani kumchukua mke wangu. Semeni alitoka getini peke yake. Kanga aliyokuwa akimbebea mtoto ilikuwa imekunjwa mkononi. Homa ilikuwa imempata Raheli mle ndani, na walikwisha mzika nyuma ya boma kabla mtu hajaniita.

Hakulia. Aliniuliza, "Imewaka?"

Nikasema, "Imewaka."

Tukashika njia ya nyumbani.

Ndugu zangu, tangu siku ile niliacha kuomba. Nilimwambia Mungu moyoni kwamba cheche amenipa na mtoto amemchukua, basi tumemalizana. Watu walikuja msibani wakaimba, nami niliketi katikati yao kama jiwe. Na Kobelo, aliposikia huko alikojificha kwamba mpwa wake amefariki, alishuka. Wenzake walimwonya. Akasema mjomba hawezi kukosa msiba wa mtoto wake. Semeni alipomwona anaingia uani, ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Kumbe Waingereza walikuwa wamekaribia, na Wadachi wanajiandaa kuukimbia mji kwa kupita milimani. Yule afisa alirudi na askari kunichukua mimi pamoja na pikipiki. Wakamkuta Kobelo uani kwangu. Walitufunga mimi naye kwa kamba moja, shingo kwa shingo, mbele ya Semeni na mama yake.

Barabara iliisha mapema. Huko juu kuna vijia tu, navyo vinateleza, na ukungu haukuondoka. Pikipiki ilining'inizwa kwenye mti kama mnyama aliyewindwa, wanaume wakaibeba kwa kupokezana. Kobelo alipewa sanduku la vyombo vyangu. Chakula kilikuwa mahindi makavu, wala moto hatukuruhusiwa. Aliyeanguka alifunguliwa kamba akaachwa hapohapo. Wengine tulipita tukawasikia wakiita majina ya mama zao. Kobelo alishikwa na tumbo la kuhara damu, akawa anatembea ameinama, na kila alipojikwaa kamba ilinivuta shingo.

Nilitaka kuomba nikashindwa. Nilitamka "Bwana," kisha nikatafuta neno la pili nisilione. Nilipanda mlima ule na neno hilo moja.

Tukafika mahali ambapo ardhi ilikuwa imeporomoka na kukata njia. Mtu aliweza kupita kwa kujibana kwenye ukuta wa mlima, lakini pikipiki haikuweza. Afisa alitazama chini, akaitazama pikipiki, akaniamuru niivunje kabisa ili Waingereza wasikute hata kipande cha kuwafaa, kisha niwafuate. Akamwacha ombasha mmoja, askari wa cheo kidogo, atulinde, naye akaendelea mbele na msafara.

Ombasha yule alikuwa mtu mzima, Mwislamu, nadhani Mnyamwezi. Jina lake silijui mpaka leo. Alitufungua kamba, akaketi juu ya jiwe na bunduki yake magotini, akasubiri mpaka mtu wa mwisho wa msafara apotee ukutani. Ndipo akaniuliza, "Fundi, chuma hiki kitavunjika kwa muda gani?"

Nikamwambia, "Nyundo ikiwa nzito, si muda mrefu."

"Basi tumia ile ndogo."

Nilimtazama. Yeye alikuwa akitazama njia.

"Bwana akisikia nyundo, atajua uko kazini," akasema. "Mimi natangulia."

Nikaelewa. Nikamwambia kwamba nahitaji mtu wa kunishikia chuma, nikamwonyesha Kobelo. Ombasha akasema taratibu, bila ukali, "Mmoja naweza kusema ametoroka. Wakikosekana wawili, nitafungwa mimi badala yao."

Mimi nilikuwa na nguvu bado. Nilianza kusema abaki Kobelo, niende mimi. Lakini Kobelo alikuwa amesikia yote. Alikuwa amejikunja chini, ameshika tumbo. Akanyanyuka mwenyewe, akajitwika sanduku. Akasema asingeweza kuinua nyundo, na nyundo ikinyamaza tutarudiwa wote.

"Piga, shemeji," akasema. "Semeni amebaki peke yake."

Akapita ukutani, ombasha nyuma yake.

Nikapiga. Niliipiga pikipiki ile niliyoifunga kwa mikono yangu, ile iliyonigharimu mtoto wangu. Nilivunja silinda, nikavunja kile kifaa cha cheche, uzi wa hariri ukatawanyika kwenye matope. Na hapo, ndugu zangu, neno la pili likaja. Nilisema, "Bwana, Kobelo." Nilipiga nikasema, nikapiga nikasema, machozi yakinitoka kwa mara ya kwanza tangu Raheli afariki. Sikuwa najiombea mimi. Sikuwa na ahadi ya kumpa Mungu. Na nawaambia mbele zake, sikuwa peke yangu pale. Jiwe lililonikaa kifuani lilivunjika mahali pale. Nilipiga mpaka hakuna chuma kilichobaki cha kupigwa, na huko mbele hakuna tena sauti ya mtu. Nikaingia msituni.

Nilishuka kwa kujificha, nikila ndizi mbichi za mashamba yaliyokimbiwa na wenyewe. Nilimkuta Semeni kwa mama yake. Alinipokea mlangoni akachungulia nyuma yangu.

"Umekuja na nani?"

Nikamwambia nimekuja peke yangu.

Kobelo hakurudi. Vita viliisha, wapagazi wachache wakaonekana, nikawauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyejua. Mama mkwe wangu hakunisema vibaya, lakini kwa muda mrefu hakunitazama usoni. Ningemlaumu vipi? Mimi mwenyewe sikuweza kushika nyundo. Banda liliota majani.

Ni mama mkwe aliyelifungua. Alishuka mchana mmoja, akaketi kwenye kigogo pale bandani, akaniambia nimweleze mwanawe alivyoondoka, nisiache kitu. Nikamweleza. Nilipofika pale Kobelo aliponyanyuka mwenyewe na kujitwika sanduku, alinizuia kwa mkono.

"Hakuna aliyemsukuma?"

"Hapana, mama. Alinyanyuka mwenyewe."

Akasema, "Huyo ni Kobelo." Akang'oa jani moja lililoota karibu na mguu wake, na jingine, akaendelea, nami nikapiga magoti nikang'oa pamoja naye mpaka sakafu ikaonekana.

Ndugu zangu, sikusimama hapa kusema kwamba Mungu alinipenda mimi kuliko Kobelo. Atakayeniuliza kwa nini nilibaki mimi, sina jibu, wala sitalitunga ili ushuhuda wangu upendeze. Ninachojua ni hiki: nilikuwa nimefungwa kamba shingoni na jiwe kifuani, na vyote viwili viliondolewa siku moja, kwa mkono wa Mwislamu nisiyemjua jina na kwa mkono wa shemeji yangu, na juu ya mikono hiyo palikuwa na mkono mwingine. Namshukuru. Nashukuru nikilia, lakini nashukuru.

Na wewe uliyeketi humu ambaye umenyamaziana na Mungu, kwa sababu ya kaburi fulani, sikuambii usahau kaburi hilo. La Raheli liko nyuma ya boma, na mimi na Semeni tunakwenda. Nakuomba tu uje kwake na kaburi lako. Yeye hatakuuliza kwa nini umechelewa. Baada ya ibada tutakuwa pale nje, mimi na mke wangu. Njoo tuombe pamoja, hata kama huna la kusema.