Nyumba ya Pustec Haiuzwi

Sogeeni, wanangu, na wewe Vangel zima hiyo simu, sitakuweka sana. Krste, kaa hapo miguuni pangu. Shemeji yenu Zamira asitoke kwenda kuangalia jiko, maana neno lenyewe linamhusu yeye kuliko ninyi. Jirani Josif nimemwita awe shahidi, na kwa kuwa masikio yake ni mabovu nitasema polepole.

Nimesikia mmepata mnunuzi. Ukuta ni mwembamba, na ugonjwa wangu ni wa kifua. Mtu wa Tirana anataka nyumba ya mawe ya kulaza watalii walitazame ziwa. Mwambieni alete darubini. Nilipoolewa maji yalikuwa yakigonga ukuta wa zizi. Sasa ziwa limetuhama bila kuaga, limetuachia tope na matete. Baba yenu Stavre na mzee Tase walinuniana hadi wakazikwa wote wawili, kisa kinjia cha kufikia maji. Maji yameondoka, kinjia hakiendi popote, na wajukuu wa Tase bado hawatuamkii. Waamkieni ninyi kwanza. Ugomvi nao ni mali, lakini huo sitaki muurithi.

Sasa nyumba. Mnaniambia damu ni nzito kuliko maji. Sawa. Damu yangu moja iko Bitola, nyingine iko Thessaloniki, na nilipolala na homa wakati wa theluji nikataka maji ya kunywa, sikuletewa na damu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zamira nilimpa siku ya kwanza. Ndugu yenu Sotir, Mungu amrehemu, alimleta kutoka ng'ambo ya mlima, Mwalbania asiyejua hata neno moja la Kikwetu, nami Kialbania nakijua vizuri lakini nikajifanya kiziwi. Akiomba chumvi kwa lugha yake, hapewi. Alikula chakula chapwa mpaka alipoiomba sawasawa.

Siku aliposikia watoto wa jirani wakiniita baba, alimtazama Stavre kwa huruma. Kwa Kikwetu, neno baba maana yake ni bibi kizee. Kwao baba ni baba. Akamnong'oneza Sotir, "Na huyu mwenye masharubu mnamwitaje, mama?" Stavre alicheka hadi akamwaga kinywaji chake, naye hakuwa mtu wa kumwaga.

Baba yake mzazi alimkana kwa kuolewa kwetu. Sotir alipokufa bila kuacha mtoto, nilimwambia Zamira arudi kwao, simfungi kamba. Akanijibu, "Niende wapi, baba?" Sikumwuliza hilo "baba" amelisema kwa lugha ipi. Nilimwambia akakamue ng'ombe.

Nyumba hii ilikuwa ya Mtakatifu Nikola kabla ya kuwa yetu. Miaka ile dini ilipopigwa marufuku, picha yake tuliificha chini ya hori, na afisa wa Chama alipotukuta na samaki wa sikukuu mezani, Stavre alimwambia tunasherehekea kuzaliwa kwa ng'ombe. Ng'ombe yule alizaliwa kila Desemba mpaka tulipomchinja. Nyumba ni ya yule anayeoka kwa mikono yake mikate ya sikukuu ya mtakatifu. Hivyo ndivyo nilivyoikuta kwa mama mkwe wangu. Krste, mwaka jana uliniuliza sikukuu iko mwezi gani. Zamira, binti wa Waislamu, hukanda unga, huwasha mshumaa, na hufunga kuliko padri.

Usinikate kauli, Vangel. Unasema, "Lakini mama, watu watasemaje?" Watasema kwa Kikwetu, na Zamira atawaelewa. Watoto wako kule Thessaloniki hawataelewa.

Basi nyumba, zizi na shamba la pilipili ni vya Zamira. Nimekwisha kutia dole gumba kwa mwanasheria kule Korça, kwa hiyo msijisumbue kununa. Krste, chukua mashua ya baba yako, ukiweza kuifikisha majini. Vangel, chukua saa yake, inachelewa, mtaelewana.

Mnizike kando ya Stavre. Atakayenililia kaburini ni Zamira. Msilete mwanamke mwingine anayejua kulia vizuri. Zamira atakosea maneno mawili matatu ya kilio cha Kikwetu. Msimcheke. Na mkija Desemba, mje na kitu mkononi, mbishe hodi, msubiri mfunguliwe.

Leteni vichwa niwashike. Mungu awape... ngojeni nipumue. Mungu awape mkate, na meno ya kuutafuna. Awape watu wa kuwafumba macho mkifa, wawe wamezaliwa nanyi au wameokotwa. Sina kinyongo. Ningekuwa nacho, ningekisema.

Mlango uko wazi? Nasikia baridi.

Zamira. Humu ndani kuna watu wengi. Wageni huambiwa na mwenye nyumba kwamba saa ya kwenda imefika. Mimi nimechoka... Waambie wewe.