Kadi ya Mama Mkwe

Benchi la Shueib, nje ya duka lake pale Ogembo, lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali hukatazwa kubisha kwa nguvu. Siku hiyo alikaa Mokua, roho juu. Wanamwita Brashi, maana hakuna bucha Ogembo ambayo ng'ombe wake wa ukutani hakuchorwa na yeye. Kampuni fulani ya Nairobi, hiyo inayouza kadi za mchezo ambazo watoto hukusanya na kubadilishana mpaka wanasahau kula, ilitaka kadi moja mpya kutoka kila kaunti. Picha itumwe kwa simu kabla ya saa sita mchana siku hiyohiyo, na jina la mshindi lichapishwe chini ya mchoro. Jina tu! Mokua hakutaka kingine. Kwao mkewe Marion, miaka yote hii, anaitwa "yule wa kupaka rangi." Inauma, jamani. Mtu ni msanii, anatajwa kama fundi wa kusiliba choo.

Shueib akamimina kahawa, na ushauri ukaanza.

— Chora chui, akasema Angwenyi, ambaye huitwa Jaji kwa sababu huhukumu kesi ambazo hakuletewa.

— Chui iko tayari, Mokua akajibu. Simba iko, radi iko, hata mafuriko iko. Nataka kitu inashinda hizo zote.

— Chora chinsaga, akasema Anyona, mwendesha boda anayeitwa Breki kwa kuwa haziamini. Ile mboga ni chungu, bwana! Simba akionja, anarudi mbugani akilia.

— Ukitia maziwa uchungu inaisha, Jaji akamkata. Kadi gani hiyo inapigwa na maziwa?

Shueib akaweka birika chini.

— Kwani nyinyi wanaume wa huku mnaogopa nini kuliko vyote?

Wote watatu wakatazama barabara, juu na chini. Wakashusha sauti.

— Mama mkwe.

Lo! Mokua akashika penseli. Huku chinsoni, ile haya ya wakwe, si mchezo: mwanamume hampi mama mkwe mkono, hamkazii macho, na akimwona mbele njiani anaingia kichakani, hata kiwe cha miiba. Akachora mama wa heshima, leso kichwani, kikapu mkononi, jicho moja limefinywa kidogo. Hakukusudia kumchora mtu. Lakini uso ukaja wenyewe, uso aliokuwa akiujua kwa picha ya harusi yake na Marion tu, maana hajawahi kuuangalia mzima.

— Sasa nguvu zake, Breki akasema. Akiwekwa mezani, kadi zote za kiume zinatoka. Simba anatoka, chui anatoka.

— Zinatokea wapi? Jaji akauliza.

— Mlango wa nyuma.

— Mchezo wa kadi hauna mlango wa nyuma!

— Basi wajenge!

— Na radi, nayo itatoka? Mokua akauliza.

— Radi imeoa? Breki akauliza.

— Na hiyo kelele yote? Hiyo ni bachela, Jaji akahukumu. Radi ibaki. Lakini siku moja itaoa, na wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo inaingilia wapi, Jaji?

— Si ndiyo maana mama mkwe hasalimiwi kwa mkono!

Shueib akakuna kidevu.

— Na mchezaji je? Kama ni mwanamume ameoa, atamshika huyo mama mkononi vipi?

Hapo benchi likayumba, tofali na yote.

— Amfunge kwa jani la ndizi, Breki akasema.

— Ati mama mkwe kwa jani la ndizi, ni samaki? Jaji akawaka. Kila mchezaji aje na mjomba! Mjomba akae katikati, yeye ndiye anamshika. Tena kwanza kuwe na kadi ya ng'ombe wa mahari. Huwezi kumweka mama mezani na ng'ombe hujatoa.

Mokua akaandika chini, kwa herufi ndogo: *Akitokea, wanaume wote hukimbia.* Saa sita ilikuwa karibu kugonga. Akaiacha kadi benchini, akaingia dukani kuchomoa simu yake iliyokuwa ikichajiwa, aje aipige picha.

— Shueib, nipimie sukari.

Mungu wangu, ile sauti! Ilikuwa ya Mama Marion, mama mkwe wake mwenyewe, anatoka sokoni. Kabla Mokua hajaamua kukimbia, alijikuta chini ya kaunta, kichwa kwenye gunia la unga. Nje, Jaji na Breki wakampisha mama kwa adabu. Akakaa kupumzisha magoti, akahisi kitu chini yake, akakivuta. Ilikuwa ile kadi.

Miwani aliiacha nyumbani, kwa hiyo maandishi yalimshinda. Mchoro aliuona vizuri alipousogeza mbali na macho.

— Aai! Huyu mama ana heshima. Anafanana na dada yangu, yule mrembo. Nani amechora?

Mokua alisikia kila neno, machozi yakamlenga. Alitaka kupiga kelele: ni mimi, mama, ni mimi! Lakini atatokaje kwa magoti, unga kichwani, macho kwa macho na mama mkwe? Na wenzake wakimtaja, si ataulizwa amemchora nani?

— Si nauliza? Nani amechora?

Breki akaanza kukagua tairi. Jaji, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, akachungulia kikombe chake, na kahawa ilikuwa imekwisha. Shueib alipima sukari, akaimwaga, akaanza kuipima upya.

— Basi kama haina mwenyewe, naenda nayo, mama akasema, akiitia kikapuni. Nitampa Marion ampelekee yule bwana yake wa kupaka rangi, aone vile watu huchora.